Jua la Estonia Juu ya Paa Letu

Jumapili, 6 Julai 2025

Alhamdulillahi. Daftari langu, nakuambia wewe tu, hata mama Warda kule Tanga hajui: kampuni hainiongezei mkataba wa udereva hapa Doha. Tarehe 31 narudishwa. Miaka hamsini na mbili, goti bovu, na binti yetu Warda bado anasomea uuguzi. Nimelia kidogo ndani ya basi, madirisha yamefungwa.

Lakini Mola kaniletea Liina! Nimembeba kwenye basi kutoka maonyesho ya nishati. Binti wa Estonia, kinchi kidogo huko Ulaya, baridi tupu. Yeye na wenzake wawili wana kikampuni kichanga cha sola ya kuendesha AC. Wanataka paa la kujaribia joto la Doha, na wakala. Wakala anapewa barua ya kazi. Kwa barua hiyo ninabaki! Kaniuliza kama mimi ni msimamizi wa jengo letu la wafanyakazi. Sikusema ndiyo. Nilimwonyesha ufunguo wa paa tu, ule tulioachiwa wa kuanikia nguo. Astaghfirullah.

Jumatatu, 7 Julai

Paneli mbili, betri, kamera ndogo. Vimefungwa! AC ya chumba chetu imeunganishwa. Gerishon, mlinzi Mkenya wa kitanda cha juu yangu, kacheka mpaka kakaa chini. Eti watu wa Estonia jua wanaliona kwenye kalenda, ndio waje kutufunza jua? Halafu kaomba awe msaidizi wangu. Nikamwambia nafasi zimejaa. Kaniita Mheshimiwa Waziri wa Jua. Chumba kizima kimelishika jina hilo!

Nimenunua kufuli. Paa sasa ni la wakala.

Jumatano, 9 Julai

Manung'uniko. Wanaume sabini, nguo hazina pa kukaukia. Suruali ya mtu imening'inia juu ya mswaki wangu. Nimewaambia wavumilie, haya ni maendeleo.

Liina kafurahi na namba. Ijumaa saa saba wafadhili wataangalia wenyewe kwa kamera. Kuanzia saa nne asubuhi AC iende kwa jua peke yake, umeme wa jengo uzimwe. Nikasema inshallah.

Ijumaa, 11 Julai

Saa nne nilizima swichi. Cornelius, mzee wa Kiganda wa chumba chetu, alikuwa ametoka zamu ya usiku, kameza dawa zake za presha, kajilaza. Kaniuliza baridi itabaki? Nikamwambia lala ndugu yangu, Estonia nzima inakulinda. Nikaenda msikitini.

Natoka tu, simu. Liina: umeme sifuri, betri imekwisha! Nikakimbia na goti langu. Kufuli limevunjwa. Ijumaa, siku ya kufua! Nguo za siku nne, na Gerishon kagundua kioo cha sola kinakausha kuliko kamba. Sare za walinzi, mashuka, hata kanzu yangu ya pili, zote zimelazwa juu ya paneli na kubanwa kwa mawe. Yeye anawapungia wafadhili mkono. "Mzee, dakika kumi zimekauka! Hawa watu wako ni wakali!"

Nikaondoa nguo. Nikatabasamu kwenye kamera robo saa nzima. Ndipo nikakumbuka chumba. AC imezimika, na dirisha letu halifunguki.

Cornelius hakuamka nilipomwita. Gerishon ndiye aliyembeba mpaka chini kwenye ambulensi.

Jumatatu, 14 Julai

Yu hai. Figo zimeumia. Kazi basi, anarudishwa Uganda. Gerishon alikuwa anamlisha uji, na hakunitania hata neno moja. Hilo liliniuma zaidi. Cornelius kaniuliza kitu kimoja tu: AC ya chumbani imewashwa?

Msimamizi wa kweli kachukua ufunguo. Tiketi yangu ni kesho, hawangoji tena tarehe 31. Liina kauliza hali ya mgonjwa, kisha kanifungia simu.

Nimeswali rakaa mbili. Nimelia. Nimetubu kabisa, Mola shahidi.

Kwenye basi la kutoka hospitali nikaona tangazo. Kikampuni cha Slovenia, kinchi kidogo vilevile! Wanatafuta paa la zahanati Afrika Mashariki, kujaribia jokofu la chanjo la sola. Warda yuko mafunzo ya vitendo kwenye zahanati! Nikawaandikia hapo hapo, wameuliza kama mimi ni mganga mkuu. Sikusema ndiyo. Nimewatumia picha ya mlango tu, ile aliyonitumia Warda.

Kosa langu nimeshalijua. Safari hii nanunua kufuli kubwa.