Taa Nyekundu Chumbani Mwangu

Jumatatu, 3 Juni
Leo naandika ukweli mtupu. Mapafu yangu hayatoi ahadi tena. Mke wa mwanangu, muuguzi, ameleta kidude cha kupima hewa, kidogo kama kibiriti. Taa ya kijani, hewa safi. Nyekundu, moshi na vumbi. Kikibaki chekundu hadi Ijumaa, kasema, nitahamishiwa kwa binti yangu, mji mwingine. Nikafie ugenini! Mke wangu alikata roho chumba hiki hiki. Nami sitoki.

Kikawaka chekundu papo hapo. Sikushangaa. Ni seremala wa jirani na randa yake! Ndiyo maana dirisha silifungui. Nitamtafutia ushahidi.

Jumanne, 4 Juni
Nilijikongoja hadi karakana yake, kidude kikilia pii-pii ndani ya koti. Seremala akauliza, babu, umeiba kifaranga? Nikasema ni moyo wangu. Akasema basi moyo wako unatumia betri. Fedhuli! Nikachungulia kifuani. Kijani! Karakana haina kuta, upepo unapita utakavyo, maranda yanaanguka miguuni pake na kutulia.

Kidude kimehongwa.

Jumatano, 5 Juni
Asubuhi jua lilipenya upenyo wa pazia la dirisha. Mstari wa mwanga ukakata chumba, na ndani yake, jamani! Chembe zisizo na idadi, zinapanda, zinageuka, zinameremeta. Nimefundisha kemia hadi nikastaafu, na hewa ya chumba changu sikuwahi kuitazama.

Mkwe akasema hizo ninazoziona ndizo kubwa. Za hatari hazionekani. Hushuka hadi mwisho wa mapafu, nyingine zikaingia damuni. Na mapafu ya mtu, yangekunjuliwa yote, yangetandika sakafu za nyumba nzima. Mimi huyu, mifupa na ngozi, nimebeba uwanja kifuani! Machozi yakanitoka.

Halafu akainama, akaona kisahani cha dawa ya mbu uvunguni. Inafuka moshi. Mchana! Akauliza, baba, nani kawasha? Nikamwambia huenda mbu wenyewe. Hakucheka. Ikabidi nikiri: naiwasha kutwa kucha, dirisha nimelifunga, ili moshi uue vumbi la seremala.

Alikaa kitandani kwangu, kajishika kichwa.

Alhamisi, 6 Juni
Mkwe kazoa dawa zote za mbu. Kafungua dirisha kwa nyundo, bawaba zilikuwa zimeshikana. Tukakikodolea macho kidude. Nyekundu. Njano. Kijani! Nikavuta pumzi. Ikashuka, ikaendelea kushuka, hadi mahali nilipodhani pamefungwa siku nyingi. Harufu ya mbao mbichi. Hewa! Bure! Na ilikuwa hapo nje muda wote.

Ijumaa, 7 Juni
Ushindi! Mkwe kaona kijani, kampigia wifi yake simu: mzee haondoki. Sharti moja, dirisha liwe wazi.

Jioni seremala kapitisha kichwa dirishani, kauliza betri ya moyo inaendeleaje. Kisha kaanza kuimba. Na mbu nao wakaja, ukoo mzima.

Nimefunga dirisha. Kipande kimoja cha dawa kilisalimika ndani ya soksi yangu, nimekiwasha. Kidude nimekiweka nje, juu ya kizingiti cha dirisha, nakiona vizuri kupitia kioo. Kijani kibichi! Maajabu ya sayansi.

Nakohoa kidogo tu. Vumbi la yule seremala.