Raki, Mie na Fomu Tuu B

Leo nimechekwa na darasa zima la Fomu Tuu, na walikuwa na haki. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjaisikia kwa Sele wa kazini, maana yeye atatia chumvi. (Na hii haihitaji chumvi.)

Mnajua niko kwenye kile kikampuni cha Tegeta kinachofunga mitandao ya intaneti. Miezi sita niko majaribio. Kubeba ngazi, kuvuta waya, kupanda darini na popo. Wiki iliyopita bosi wetu, Hamza, akaniita.

"Editha, kuna shule Madale wanataka chumba cha mtandao. Raki moja na vifaa vyake. Utaisimamia wewe. Ikienda sawa, Jumatatu tunasaini mkataba wako wa ajira."

Mkataba. Nilimwambia mama saa hiyohiyo, na kufikia jioni kwaya nzima ya kanisani ilikuwa inajua. Halafu shule yenyewe ndo ile niliyosomaga mie. Nikasema basi, leo narudi na helmeti kichwani, wanione.

Kwa msioijua, raki ni fremu ya chuma inayonizidi urefu, kama kabati lililonyang'anywa milango. Vifaa vya mtandao vinapangwa humo, kimoja juu ya kingine. Vingi ni vyepesi. Kimoja sio: lile sanduku la betri linaloshikilia mambo umeme ukikatika. Lile lina uzito unaokaribia mfuko wa saruji, na halina hata pa kushika.

Asubuhi hii Hamza akanipigia kunikumbusha.

"Moja, raki inafungwa sakafuni na boliti kabla hujaweka kitu chochote. Mbili, kizito kinakaa chini kabisa. Tatu, kizito kinabebwa na watu wawili. Na nne, we Editha, ile trei us..."

"Sawa bosi, nimeelewa."

Nikakata. (Ya nne nimekuja kuijua kama saa nne hivi.)

Mtu wangu wa pili ni Sele, na drili ya kutobolea sakafu anayo yeye. Nimefika saa tatu kamili, nikampigia.

"Niko hapa hapa sista, nakata kona ya Madale."

"Sele, nasikia mawimbi."

"Ni upepo."

Upepo gani. Alikuwa Mbezi Beach, kwenye hoteli alikokuwa anamalizia kufunga kamera, tena hata viatu nadhani hajavaa.

Chumba chenyewe ni stoo ya zamani ya maabara ya fizikia, bado kuna ubao ukutani. Raki ilishaletwa jana, imesimama katikati. Lile sanduku la betri waliolileta waliliacha juu ya meza ya maabara, zile meza ndefu za mbao. Nikakaa nikasubiri. Dakika kumi. Nikasubiri tena. Dakika nne. (Kwangu hizo ni nyingi.)

Hapo ndo akili ikanijia, na nawaambia ilinijia vizuri kabisa. Meza iko juu, usawa wa tumbo. Kwenye raki nafunga trei, ile ya kuvutika nje kama droo, usawa uleule wa meza. Nasogeza meza mpaka raki. Nasukuma sanduku, linateleza, linaingia. Hakuna kubeba. Sheria ya tatu inasema kizito kinabebwa na wawili. Mie sibebi, nasukuma. Sheria ya pili, tutalishusha chini Sele akija. Ya kwanza, drili anayo Sele, kwa hiyo ni kosa la Sele.

Likateleza, likaingia kama mkate kwenye oveni. Nikaisogeza meza pembeni ili picha itoke safi, nikapiga, nikaweka status: "Injinia kazini." Simu nikairudisha mezani.

Sasa nikaona waya wa nyuma ya sanduku sijauchomeka. Mkono haufiki. Nikavuta trei.

Raki ikaniinamia. Haikuanguka ghafla, hapana. Iliinama polepole, kwa adabu, kama mtu anayetaka kukunong'oneza umbea. Nikaidaka kwa kifua na mikono yote miwili, shavu limelala kwenye chuma, mguu mmoja nyuma. Nikisukuma, trei inazidi kutoka. Nikiachia, tunaenda wote chini, mie na sanduku na Jumatatu yangu.

Simu ikaanza kuita kule mezani. Nikageuza jicho. Mama. Bila shaka anataka kujua inaendaje.

Kupiga yowe niliona aibu. Nimeingia getini na helmeti, mlinzi kaniita injinia, halafu dakika arobaini baadaye napiga yowe? Nikatafuta neno la heshima la kuita mtu. Lililotoka ni hili:

"Hodi."

"Karibu," sauti ya mama mmoja ikajibu huko nje.

"Hodi," nikarudia.

"Si nimesema karibu? Pita."

"Siwezi kupita mama, mie ndo niko ndani."

Halafu mlangoni akachungulia Mama Chausiku, anayefanya usafi maabara tangu enzi zangu, fagio mkononi.

"Mwanangu, uko ndani unapiga hodi, unataka kuingia wapi?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo."

"Nyumbani wazima?"

"Wazima mama." (Nyumbani wote wazima. Mgonjwa alikuwa hapa.)

"Umeamkaje lakini?"

"Salama tu mama, ila nikiachia hiki chuma kinaanguka."

Akakitazama juu mpaka chini. "Basi usiachie," akasema, akaondoka zake.

Kumbe kamwendea Mwalimu Mgaya. Jamani, Mwalimu Mgaya kanifundisha fizikia miaka minne. Ndo aliyenipa jina la Fasta, kwa sababu kila mtihani nilikuwaga wa kwanza kukusanya karatasi. (Wa kwanza kukusanya. Mengine tuyaache.) Akaingia, mikono nyuma, kichwa kakiinamisha kama anasahihisha.

"Fasta."

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Usiongee, utapoteza pumzi. Mama Chausiku, shika upande ule."

Wakaiinua meza, wakaisogeza mpaka chini ya trei. "Sukuma nyuma kidogo. Tena kidogo. Hapo." Meza ikaingia. Akachomeka kipande cha mbao kwenye upenyo uliobaki, akakigonga na ngumi, akatikisa. Akafuta mikono.

"Sasa Editha, hapo tulipofikia, wewe unaweza..."

"Nimeelewa mwalimu, siachii. We nitafutie watu tu."

Akanitazama. Lile jicho nalijua. Ni lile la siku niliyokusanya mtihani bila kufunua ukurasa wa pili.

"Haya," akasema. "Watu ninao. Fomu Tuu B wako hapo jirani, na mada yao leo ni kwa nini kitu kimoja kinasimama na kingine kinaanguka. Nikiwaleta, utachukia?"

Ningesema nini? Mtu kakuletea meza. "Walete mwalimu."

Wakaja. Wakajipanga ukutani na madaftari, wananitazama kama tembo aliyepita getini. Mwalimu akachora kwenye ubao: fremu, sanduku katikati, mshale, na kamtu ka vijiti kamekumbatia. Chini yake akaandika DADA.

"Mwalimu," akauliza mmoja wa mbele, mfupi, sauti ya mbunge, "dada ni mzigo au ni nguvu?"

"Kwa sasa mwite dada."

"Dada, ulisomaga hapa?"

"Nilisomaga."

"Fizikia ulipata ngapi?"

"Hilo tutaliruka," akasema mwalimu.

"Mwalimu, dada anatoka jasho."

"Andikeni."

Na kweli wakaandika. Nilisikia kalamu.

"Haya, nani ataniambia amekosea wapi?"

Mikono yote juu. "Kizito kiko juu." "Chini hakijafungwa." "Yuko peke yake." Na yule mbunge akamalizia: "Halafu kaivuta hiyo droo nje kabla hajakifunga."

Nusu dakika. Watoto ambao hawajawahi kuona raki maishani mwao wamemaliza sheria zote za Hamza nusu dakika, na ya nne wakanipa bure.

Miguu ilikuwa imeshakufa ganzi. Mgongo sisemi. Ila moyoni nikajiambia, Editha, angalau kifaa cha shule hakijafika chini, na kisifike. Nikakaza zaidi.

Sasa kuna kabinti kalikuwa mwisho wa mstari, miwani yake imefungwa na uzi upande mmoja. Kalikuwa hakajanyoosha mkono muda wote, kanatazama tu. Kanatazama meza, kananitazama mie, kanatazama ubao. Halafu kakanyoosha taratibu.

"Samahani mwalimu. Kama meza ndo imebeba trei, dada anashikilia nini?"

Na ndo muda huohuo mlangoni wakatokea Hamza na Sele, Sele kashika drili. (Hamza aliiona status yangu, akaona sanduku liko katikati ya raki, akawasha gari hapohapo, akampitia Sele. Injinia kazini.)

Mwalimu Mgaya akaweka chaki chini. "Swali zuri sana. Nilikuwa namsubiri aniulize mwenyewe. Mie nilianza kumwambia anaweza kuachia, akaniambia ameelewa."

Nikatoa mkono mmoja. Raki kimya. Nikatoa wa pili. Kimya. Nikarudi nyuma hatua moja, mbili. Imesimama, imetulia, haina habari na mie. Dakika ishirini na tano nimekumbatia chuma ambacho hakikuwa na shida yoyote.

Chumba kililipuka. Mama Chausiku alicheka mpaka akaegemea fagio. Sele alikaa chini, kabisa, sakafuni. Mbunge alikuwa anamweleza mwenzake upya kama vile mwenzake hakuwepo. Mtu pekee ambaye hakucheka ni Hamza, na hapo ndo niliogopa.

Akaizunguka raki. Akagusa kile kipande cha mbao. Akamgeukia mwalimu.

"Mwalimu, huyu unamfahamu?"

"Miaka minne. Hajawahi kusikia sentensi yangu ikifika mwisho. Ila nilipoingia hapa alikuwa anatetemeka toka kisigino mpaka kope, na hajaachia. Wengine wangekimbia."

"Angekimbia ndo ingekuwa vizuri zaidi," akasema Hamza. Akanigeukia. "Editha, sanduku likivunjika tunatafuta lingine. Mguu wako tutautoa duka gani? Sasa kuhusu Jumatatu, mie naona..."

"Bosi, naomba usini..."

Chumba kizima kikanitazama. Fomu Tuu B wote. Yule wa miwani akatikisa kichwa, taratibu, kwa huruma kabisa.

Nikafunga mdomo.

"Nilikuwa nasema," akaendelea Hamza, "Jumatatu ipo. Mkataba una kurasa tisa. Utausoma kwa sauti, mbele ya Sele, mpaka nukta ya mwisho. Ukiruka mstari, unaanza upya. Ukimaliza, unasaini."

Nikaitikia kwa kichwa. Kuongea niliogopa.

Basi tukafanya kazi inavyotakiwa. Tukalitelezesha sanduku kurudi mezani. Sele akatoboa sakafu, tukakaza boliti nne. Trei tukaihamishia chini kabisa. Halafu mie upande huu, Sele ule, magoti yamekunjwa, tukalishusha sanduku, na Fomu Tuu B waliokataa kuondoka wakatuhesabia kwa pamoja, moja, mbili, tatu. Kabla ya saa saba taa zote zilikuwa zinawaka kijani. Ukiisukuma ile raki sasa hivi ni kama unasukuma ukuta. Nimeisukuma. Mara nyingi.

Wakati natoka nikapita kwenye ubao. Mchoro bado upo. Kamtu ka vijiti kako palepale kamekumbatia fremu, ila mtu kaongeza maneno pembeni ya DADA, kwa mwandiko mdogo, msafi, nadhani wa yule wa miwani: "hana kazi."

Getini Mama Chausiku akanisindikiza. "Mwanangu, siku nyingine ukikwama ndani, we sema tu 'jamani'. Hodi iache."

Mama nimempigia, nimemwambia imeenda vizuri. Kwaya watajua sehemu hiyo tu, naomba iishie hapo.

Na wale mnaotaka kuniandikia ile methali ya haraka, naijua, leo nimeambiwa mara tano, moja na mlinzi wa geti. Cheka ukitaka. Ila wewe uliyeruka katikati ukaja moja kwa moja huku chini kuona mwisho, sikucheki. Mie nilianzaga hivyohivyo.