Vikopo Sitini vya Lumuma

Jumatatu, 3 Februari 2025. Kilosa.

Tangazo ubaoni. Cheo cha Mtafiti Mwandamizi kiko wazi, kamati itakaa Septemba. Sharti: makala za mwombaji ziwe zimenukuliwa na watafiti wengine, si chini ya mara thelathini. Atakayekosa atahamishiwa kituo kidogo cha Mikumi, akahesabu kupe. Waombaji tupo wawili tu: mimi, Dkt. Yared, na Vaileth, niliyemfundisha mwenyewe kushika hadubini. Yeye kanukuliwa mara mia mbili na kumi na mbili. Mimi mara nne. Tatu nimejinukuu mwenyewe. Ya nne ni ya Mbrazili mmoja, nadhani alipitiwa.

Na makala yenyewe ni hazina! Minyoo ya safura kijijini Lumuma. Watu sitini, vikopo sitini vya choo, na wote, tangu kikongwe hadi mtoto wa darasa la kwanza, wana idadi ile ile ya mayai ya minyoo. Ugunduzi mkubwa. Haisomwi kwa sababu ya wivu tu.

Jumanne, 4 Februari.

Nimemwomba Hezekia wa maabara aninukuu. Akasema yeye kazi yake ni kuosha vioo. Nikamwambia hata kwenye ripoti ya sabuni nitashukuru. Kakataa. Mtu asiye na maono.

Nikamwita Vaileth. Kanipa shikamoo, nikaitika marahaba kwa uzito unaostahili, nikamkumbusha habari ya hadubini. Akasema ataninukuu bila shida, ila kwanza aende Lumuma akarudie kipimo, maana matokeo yangu yamemshangaza. Yamemshangaza! Hatimaye mtu mwenye macho. Nimempa na jina la mwenyeji wangu, Mama Bibiana.

Ijumaa, 14 Februari.

Vaileth karudi. Kaingia ofisini, kafunga mlango taratibu.

"Shikamoo, daktari. Vile vikopo sitini vyote ni vya Kasian."

Kasian ni mhudumu wa afya wa kijiji. Mama Bibiana kaeleza yote. Mimi niliagiza vikopo viletwe mchana kweupe, ofisi ya kijiji, watu wote wakiwepo. Hakuna mke wa mtu ambaye angepita na kikopo cha namna ile mbele ya baba mkwe wake, na baba mkwe naye asingethubutu kubeba chake mbele ya mkwe. Kumkatalia mgeni, tena daktari, waliona si adabu. Wakamwomba Kasian, ambaye hajaoa na hana mkwe wa kumwonea haya. Akajaza vyote sitini, kwa siku tatu. Hakika ni kijiji chenye ushirikiano.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Kisha nikamuuliza Vaileth kama bado ataninukuu. Akasema hilo sasa halikwepeki.

Alhamisi, 18 Septemba.

Mara arobaini na saba! Makala ya Vaileth kuhusu makosa ya kukusanya sampuli inasomwa kila mahali, na kila anayeinukuu ananinukuu na mimi. Mmoja kaandika: kwa mfano wa kusikitisha, tazama Yared. Mwingine: tofauti na Yared, sisi tuliwauliza wanakijiji kwanza. Fomu ya kamati inataka idadi tu, sababu haiulizwi. Nimeazima tai ya Hezekia.

Ijumaa, 19 Septemba.

Mwenyekiti wa kamati, Dkt. Devota, mama kutoka Mamboya mwenye sauti ya kusomea somo kanisani, aliamua kuzisoma kwa sauti nukuu zote arobaini na saba. Zote. Kufikia ya kumi na mbili wajumbe walikuwa wanafuta machozi. Nikaomba iandikwe kwamba hakuna mwombaji mwingine aliyewagusa kiasi hicho.

Cheo kapewa Vaileth. Nje akanishika mkono, akasema nirudi Lumuma nikawaombe radhi, nianze upya, yeye atanisaidia. Hakuwa na kejeli hata kidogo. Hilo liliniuma kuliko zile arobaini na saba. Nikamwambia nitafikiria.

Jumatatu, 29 Septemba. Mikumi.

Nimefikiria. Miaka kumi na moja ya kujitahidi kuwa sahihi: mara nne. Kosa moja: mara arobaini na saba. Hesabu haitaki hadubini.

Makala yangu mpya kuhusu kupe nimeimaliza leo asubuhi. Kupe wenyewe nitaanza kuwakusanya kesho. Nimeweka makosa matatu, na kubwa kuliko yote liko ukurasa wa kwanza, maana watu wana shughuli zao. Nimemtumia Vaileth nakala, nikamsisitizia asichelewe kunikosoa. Kamati nyingine inakaa Machi.