Mgomo wa Farasi wa Shangazi Kunegunda

Jumatatu, 6 Julai 1992

Chuo kimenisimamisha masomo kwa kuongoza mgomo. Nimerudi Matogoro kwa shangazi Kunegunda. Hakuna anayetaka kusikia hoja zangu; wote huuliza kama nimekula.

Shangazi alipika kwenye shamba la serikali hadi lilipouzwa. Wakubwa wakagawana matrekta. Yeye akapewa farasi badala ya kiinua mgongo. Ndiye Kamanda, mvuta mkokoteni. Mahindi yote ya shangazi bado yako bondeni yakimsubiri.

Nimeazimia. Jumamosi nitaingia Ruhuwiko juu ya farasi huyo, niwahutubie wananchi kuhusu soko huria linalomla mkulima. Kikwazo ni kimoja: Kamanda amekonda. Mtetezi wa wanyonge hawezi kuonekana amemkalia mnyonge.

Jumanne, 7 Julai

Jirani yetu, Mama Devota, amechuja pombe ya wavunaji. Machicha, kama desturi, ni ya nguruwe. Nilimuuliza ni kwa kanuni gani nguruwe anenepeshwe huku farasi akitafuna mabua makavu. Akanisogezea ndoo. Akasema, "Baba, mimi sijasoma. Chukua."

Nikachukua ndoo mbili, nikakoleza kwa pumba. Kamanda akafagia zote. Usawa umeanza kutekelezwa.

Jumatano, 8 Julai

Kamanda amegoma.

Hakugusa majani wala maji. Anaparura ardhi kwa kwato, anageuza shingo kuutazama ubavu wake, analala, anainuka, analala tena. Mimi mgomo naujua nikiuona. Lakini kumgomea nani? Mimi, niliyempigania ndoo mbili! Nikamsomea madai yake na yangu, kisha nikampa muda hadi adhuhuri arudi kazini. Akabingirika vumbini, miguu juu, mbele ya macho yangu. Sijadharauliwa hivyo hata na baraza la chuo.

Shangazi akarudi kutoka bondeni, akamkuta Kamanda ametota jasho katika baridi hii. Akaniuliza mara ya mwisho amekunya lini. Nikamjibu kwamba hilo si suala la msingi.

"Kwangu ndilo la msingi," akasema. "Huyu akifa, Otto, mahindi utayabeba kwa hicho kichwa chako cha vitabu." Akamfuta farasi jasho kwa kanga yake. Akamtuma mtu kwa Joachim.

Joachim! Tulisoma sekondari pamoja. Sasa ni daktari wa mifugo, ana pikipiki, na anasalimia wazee kwa unyenyekevu wa kuudhi. Alifika nikiwa nimeandaa chupa ya mafuta na magadi nimmiminie Kamanda kooni, kama tufanyavyo kwa ng'ombe aliyevimba. Akaninyang'anya. Eti vingeingia mapafuni.

Akasikiliza tumbo kwa kipimo chake, kushoto na kulia. Kimya, akasema, na utumbo wa farasi ukinyamaza ni hatari. Ni msokoto wa tumbo. Farasi hawezi kutapika; alichokula kina njia moja ya kutokea, na njia hiyo imeziba. Akamdunga sindano ya maumivu, akapitisha mpira puani hadi tumboni, akamimina maji na mafuta ya dawa. Kisha akaniamuru, mimi, nimtembeze polepole, nisimwache abingirike, nisimpe chakula.

Akauliza amekula nini. Nikamweleza kanuni ya usawa. Akacheka hadi akaegemea pikipiki. "Kwa hiyo, mwenzetu, umempeleka mnyama kilabuni."

Nikaendelea kumtembeza Kamanda. Ukaidi wa Joachim hauna tiba.

Alhamisi, 9 Julai

Kamanda amekunya. Shangazi alipiga vigelegele hadi Mama Devota akaja mbio na nusu ya mtaa nyuma yake. Wakasimama kuyazunguka mavi yale wakiyapongeza. Kamwe sijawahi kupata umati wa namna hiyo. Nikapanda juu ya kinu, nikaanza: "Wananchi wenzangu!" Shangazi akanikabidhi koleo.

Jumamosi, 11 Julai

Shangazi amekataa Kamanda apandwe. Nilikwenda Ruhuwiko kwa miguu. Walionisikiliza ni mwenye kibanda na mteja wake, na mteja alikuwa akisubiri chenji. Ningekuwa na farasi, mambo yangekuwa mengine. Joachim ameupokonya umma hotuba yake.

Jumapili, 12 Julai

Baada ya misa shangazi alimnywesha Kamanda, akampa majani mabichi kidogo, akamkuna paji la uso. Kesho wataanza kusomba mahindi. Joachim ameagiza maji tele na amepiga marufuku machicha milele. Marufuku! Ndiyo lugha pekee wanayoijua wenye madaraka.

Nimeuchambua mkasa wote kwa utulivu. Kanuni ilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa haraka. Mabadiliko ya kweli huja kwa awamu. Mama Devota anachuja tena keshokutwa, nami nimeshaweka ahadi ya ndoo tatu. Safari hii nitampa Kamanda moja asubuhi, moja mchana, moja jioni.

Na akilala chini tena, nitajua ni Joachim aliyemchochea.