Majani Chini ya Migunga

Dodoma, Jumatatu, 8 Januari 1912
Subhanallah! Mvua ya wiki jana imefanya maajabu. Chini ya migunga yangu mitatu palikuwa vumbi tupu. Leo majani yanafika kifundoni! Nilipiga magoti, nikatega sikio chini. Naapa niliyasikia yakiota. Jirani akaniuliza kama naumwa.

Jumamosi, 13 Januari
Yamefika gotini! Na boma la Wajerumani linamtafuta mtu wa kuwapelekea farasi wake majani mabichi. Litachagua mwezi ujao. Mzee Mrisho, baba yake Stara, kasema wazi: nikiipata kazi hiyo, Stara ni wangu. Nikiikosa, anamwoza kwa Msafiri fundi viatu. Msafiri! Ana meno mengi kuliko akili.
Mwingine anayeitaka kazi ni Yoramu, mfugaji wa ng'ambo ya korongo. Naye ana migunga. Kutwa analala chini yake.

Alhamisi, 25 Januari
Nimegundua! Kama majani yanastawi hivi kivulini, yakipata jua si yatanipita kichwa? Kwetu, tangu babu alipokuja na msafara, shamba ni kufyeka. Nimekata matawi yote. Miiba imenichana, kanzu imebaki matambara. Yoramu alipita, akasema pole na kazi, akarudi kulala. Mvivu yule!

Jumapili, 4 Februari
Mvua imekatika. Jua kali. Majani yangu yamekuwa manjano, kisha kahawia. Nimewapa mbuzi, wamekataa. Mbuzi!
Uwanda mzima umekauka. Chini ya migunga ya Yoramu tu ndiko kwenye majani ya kijani, mabichi, marefu, na umande bado haujakauka. Nilisimama nimeduwaa. Nikasahau hata kumchukia. Machozi yalinilengalenga, si kwa Stara, kwa uzuri wa majani yale.

Jumanne, 13 Februari
Kazi kapewa Yoramu. Alikwenda bomani akipiga miayo! Nilimfuata, nikamsihi tushirikiane, mimi nikate na kubeba. Akakubali, mradi asiamshwe. Mzee Mrisho naye karidhika: ndoa ipo, ila farasi wakilala njaa siku moja tu, Stara anakwenda kwa Msafiri.
Jioni nimeyatazama tena majani yale. Utukufu mtupu! Na hapo bado yamo kivulini!
Kosa langu nimelijua. Nilianza kukata matawi upande wa mashariki. Kumbe ni magharibi.
Shoka nimeshalinoa. Kesho Yoramu ataamka juani, na atanishukuru.