Siku Sita za Kumponya Kumu Milojko

Jumamosi, 14 Desemba

Leo nimeanza kumponya Milojko. Ni kumu wangu, ndiye aliyesimamia ndoa yangu, siwezi kumwacha aliwe na kisukari hivi hivi. Sukari yake imepanda, na kaka yake marehemu alikatwa mguu kwa ugonjwa huohuo. Anaogopa.

Mimi, Sveta, nimeendesha lori kutoka hapa Valjevo, Serbia, hadi Lisbon. Nimeona walaji wa kila aina. Tena nimesoma makala nne kwenye simu (moja nusu). Dawa ni kuacha wanga. Mkate, viazi, maharage, kwaheri! Nyama, mayai na mafuta, karibuni!

Shemeji Zagorka, dada wa mke wangu, muuguzi wa zahanati, alicheka mpaka akashika meza. Akauliza vitamini tutapata wapi, na choo tutakipataje. Kisha akaacha kucheka. Akasema mtu wa sindano za insulini habadilishiwi mlo bila daktari kujua.

Wivu. Alhamisi ni slava, sikukuu ya mtakatifu wa nyumba yetu. Milojko atapima sukari mbele ya wageni wote. Tuone.

Jumapili, 15 Desemba

Tatizo. Tumo kwenye mfungo wa Krismasi! Mke wangu Desanka hapiki nyama, yai wala jibini mpaka Januari, Krismasi yetu Waorthodoksi. Nilisahau kabisa.

Mwingine angekata tamaa. Mimi nimehamishia jiko la gesi gereji. Mayai manane na nyama ya nguruwe, mlango umefungwa. Padri alipita kuulizia saa ya kubariki mkate wa slava. Alisimama nje, akanusa, akakohoa, akaenda zake.

Jumanne, 17 Desemba

Sukari ya kumi na nne imekuwa saba! Milojko alicheza peke yake kando ya gari. Akasema akipona atanichongea sanamu. Nilimwambia asisahau kunipandisha farasi.

Mimi sijapata choo tangu Jumamosi. Hilo silo la kisayansi.

Aliuliza kama apunguze sindano. Nikamwambia askari habadilishi bunduki katikati ya vita. Dozi ileile, kila mlo.

Jumatano, 18 Desemba

Mikono ya Milojko ilitetemeka, akamwaga kahawa. Jasho, na nje kuna theluji. Nikamwambia ni sumu ya mkate inatoka. Akaniamini. Ananiamini sana huyu mtu.

Nilifungua makala ya tano. Kichwa chake kilikuwa na neno "hatari". Nikaifunga. Imebaki kesho tu.

Alhamisi, 19 Desemba

Wageni ishirini. Kila anayeingia sharti ale kijiko cha ngano iliyochemshwa na sukari. Asiyekula ametukana nyumba. Nilimnong'oneza Milojko aiteme kwenye leso. Akaitema.

Mezani samaki, maharage, viazi, mkate. Milojko alikuwa ameshajidunga sindano. Nikamwekea samaki tu. Alidonoa mara mbili, akasukuma sahani.

Muda si muda akaniita kwa jina la kaka yake. Shati limelowa. Niliwaambia watu amechoka, nikampeleka chumba cha nyuma, nikampima. Mbili nukta sita, imeporomoka. Nikakipiga kipimo kofi, nikapima tena. Mbili nukta nne.

Sebuleni Zagorka alikuwa anachekesha watu. Nilishika kitasa. Naandika ukweli kwa kuwa hakuna atakayesoma: nilisimama pale nikiwaza Zagorka ataniita nani mbele ya wageni wangu.

Nyuma yangu Milojko akasema, "Sveta, mbona giza?"

Dirisha lilikuwa limejaa jua.

Nikafungua mlango. "Shemeji, njoo. Nimemuua kumu."

Vijiko vyote vikasimama. Zagorka hakuniita chochote. Aliuliza kama bado anaweza kumeza. Aliweza. Akamnywesha maji ya sukari kidogo kidogo, akasubiri, akapima, akamnywesha tena. Robo saa nzima nilishika miguu ya Milojko yote miwili, ya baridi kama barafu. Alipofumbua macho aliomba mkate. Nikalia. Niliwaambia wageni ni vitunguu.

Zagorka alinawa mikono, akanitazama. "Ungemwambia daktari, sindano ikapunguzwa, huenda mlo wako ungemfaa. Hilo ndilo linaloniudhi, Sveta. Hukuwa mjinga kabisa."

Jumamosi, 21 Desemba

Hospitali. Milojko yu mzima, wanamwangalia tu. Daktari amepanga upya sindano na chakula, kwa mizani. Nimeapa mbele ya Zagorka kwamba sitagusa tena mlo wa mtu mwenye kisukari. Nitatimiza. Neno langu ni neno.

Bwana Tihomir, wa kitanda cha pili, hana kisukari. Nimemuuliza mara mbili. Ana presha tu, maskini, na hakuna anayemshauri. Kesho namletea chupa tatu za maji ya pipa langu la kabichi ya kuchachusha, yale ya chumvi kali. Yanasafisha mishipa, nimesoma.

Zagorka huja jioni. Nitapita asubuhi.