Kibali cha Bunduki na Mifereji ya Mume Wangu

Mheshimiwa Afisa wa Vibali vya Silaha,

Natumaini wewe ni mzima. Mimi ni mke wa yule fundi bomba uliyempa kibali cha bunduki mwezi uliopita, awafukuze nguruwe pori wanaomaliza mihogo yangu. Naomba, kwa heshima zote, kibali hicho kifutwe. Sababu zangu ni hizi:

1. Karatasi iliyokuja na bunduki inasema kabla ya matumizi ya kwanza mifereji iliyomo ndani ya mtutu, ile inayoizungusha risasi, lazima iwe safi. Neno hilo “mifereji” halifai kusomwa na fundi bomba. Alikunja mikono ya shati, akapitisha maji kwenye mtutu, akatafuta panapovuja. Hapakuvuja. Alifurahi kuliko siku ya harusi yetu.

2. Maji yakaleta hofu ya kutu. Kuukausha mtutu kumekula mashuka mawili na brashi yangu ya kuoshea chupa ya chai. Mafuta ya bunduki yalipokwisha, akaingia jikoni. Tangu hapo sisi tunakula mboga za kuchemsha, bunduki inang'aa.

3. Karatasi inataka pia apige risasi tatu kwenye shabaha, umbali wa hatua hamsini, aone kama inalenga sawa. Amezipima hatua hizo mara nne, na kila mara zinaishia kwenye choo cha jirani. Jirani sasa haendi chooni bila kuwaaga wanawe.

4. Nguruwe wameshatuzoea. Wanakuja mchana kweupe, jike na watoto sita, huku mume wangu amekaa barazani akichungulia mtutu. Nikimwambia wapo, ananijibu kwa upole, "Mama watoto, bunduki haijawa tayari." Mheshimiwa, naogopa. Mihogo hiyo ndiyo chakula chetu mpaka mvua zijazo, na yamebaki matuta tisa.

5. Ikiwa kufuta haiwezekani, basi kibali kihamishiwe kwa nguruwe. Wao wakianza kazi wanaimaliza.

Nisalimie wote hapo ofisini, pamoja na karani aliyecheka tulipojaza fomu.

Mimi mwenye matuta tisa,
Mke wa Fundi Bomba

N.B. Nilipokuwa nikitafuta bahasha, nguruwe wamerudi. Mume wangu alikuwa bafuni akinawa grisi. Nimepachika risasi moja, nimefyatua, na jike limelala. Bega linaniuma, lakini roho yangu ni nyeupe. Tafadhali usikifute kibali, badilisha jina tu. Wale sita bado wamo shambani wanakula, nawaona kutoka hapa nilipo, ila itabidi wasubiri. Mtutu umechafuka, na siwezi kupiga risasi mifereji ikiwa katika hali hii.